Neno Alilolisema Kester

Jumanne, 4 Novemba

Kester kaamka! Kiharusi kimempoozesha upande mzima wa kulia, lakini kaamka. Nimewatangazia wauguzi wote: huyu ni kaka yangu, na sisi wa ukoo wa Raw, kutoka bonde la Swaledale, kaskazini mwa Uingereza, hata kifo hutupigia hodi kwanza. Wamecheka. Mimi nikiingia wodini hata mahututi huomba chai.

Ila maneno ya kila siku yamemtoka. “Maji” hana. “Dirisha” hana. Kabaki na yale ya mama tu—Kiingereza cha kale cha wachunga kondoo, kile kile tulichochapiwa fimbo shuleni.

Jumatano, 5 Novemba

Muuguzi Philippa kanilalamikia. Tangu alfajiri mzee analia “rigwelted, rigwelted”, wamempa dawa ya kumtuliza. Dawa! Dada yangu, nikamwambia, rigwelted ni kondoo aliyeanguka chali, sufu imelowa, hawezi kuinuka. Ukimwacha, kunguru wanamdonoa macho. Mzee anaomba mumgeuze!

Philippa kashika mdomo. Tukamlaza ubavu. Kester akashusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka.

“Kumbe unayajua maneno yake yote?” Philippa kauliza.

“Yote! Nimekuwa baharia, nimetukanwa bandari zote za dunia hii, nitashindwa na maneno ya mama yangu?”

Alhamisi, 6 Novemba

Mambo mabaya. Daktari Loxley, kijana wa mjini, kampima akili. Hebu hesabu, mzee. Kester: “Yan, tan, tethera, methera, pip…” Hakukosea hata moja! Ndivyo tunavyohesabu kondoo kwetu. Loxley kaandika: amechanganyikiwa.

Kesho anaamua. Kester arudi shambani kwetu nimtunze mimi, au apelekwe makao ya wazee huko mjini Darlington, dirisha linatazama ukuta. Nimefoka mpaka kakubali nije kutafsiri. Ila kaniwekea sharti: nisibahatishe. Nikibahatisha neno moja, yote hayahesabiki. Niachie mimi, nikamwambia.

Nimelia kwenye maegesho ya magari. Kidogo tu. Upepo ulikuwa mkali.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika nimesimama, kwenye korido.

Loxley kamuuliza anataka kuishi wapi. “Heaf,” Kester kajibu. Nikaruka! Heaf ni kile kipande cha mlima ambacho kondoo huonyeshwa na mama yake. Hakuna ua wala mbwa wa kumzuia, na haondoki hapo mpaka kufa. Anataka kwao, daktari! Loxley kaandika, kacheka kabisa.

Kisha kauliza: na huyu mdogo wako, unataka akutunze yeye?

Kester kanitazama. Kasema neno moja.

Silijui. Wallahi silijui! Fupi, laini, hata kuliandika siwezi. Ni tusi? Ni kumbatio? Mama angelijua, naye yuko chini ya majani pale kanisani. Wazee wengine wote pia. Nani nimpigie simu? Hakuna.

Nimedai nakwenda msalani.

Mlango uko wazi. Namsikia Kester analirudia, polepole, kama anayemfundisha mtoto mchanga. Loxley anaita, “Bwana Raw? Kasema nini kaka yako?” Philippa kanichungulia, kanikonyeza: mwambie tu ni ndiyo. Na Kester bado analisema, tena na tena.