Kilo Tisini na Mbili na Sindano ya Hija

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, baada ya alasiri

Mdogo wangu Mona,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha Zein kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anaswali na analalamikia redio ya jirani, kwa hivyo ujue yuko salama. Kaka yetu Nasser anakusalimu, anasema tangu juzi simu zake huzipokei tena. Ndiyo sababu nimeandika na kuipeleka barua hii kwenye basi la Malindi. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno, na leo nina maneno.

Nasser ametuambia umekataa kuchanjwa sindano ya homa ya uti wa mgongo. Unajua bila cheti chake huendi Hija. Nafasi ni mbili tu, ya Mama na yako, na kiongozi wa msafara anavitaka vyeti vyote Jumatatu. Umemwambia Nasser kwamba una kilo arobaini na saba, na kwamba mimi dadako nilikwambia sindano hiyo huwaangusha wembamba. Ni kweli nilikwambia. Tena nilikwambia kwa sauti ya daktari, mimi ambaye sayansi ilinitoa jasho tangu shuleni.

Basi nisikilize tena. Wiki mbili zilizopita, Alhamisi, nilimpeleka Mama kuchanjwa kwenye zahanati moja upande wa Tononoka, na mimi nikachanjwa papo hapo. Muuguzi alikuwa binti mmoja wa Kigiriama aitwaye Dama, mpole lakini hababaiki. Alitupima uzito kwanza. Mama alitoka na kilo arobaini na nne, buibui likiwemo. Mimi nilivua viatu na bangili, nikamkabidhi Mama mkoba, na bado mzani ukasema tisini na mbili. Sikuona haya, mwili huu nimeulisha kwa biriani ya mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia Dama asihangaike nami, dawa yake itapotea humu ndani, amwangalie Mama.

Dama alicheka, akasema wengi huja na hesabu hiyo. Akatueleza kwamba wataalamu huchunguza kweli kama uzito, umri, au kuwa mwanamke ama mwanamume kunabadilisha homa na maumivu ya baada ya chanjo, lakini mzani hauwezi kumwambia mtu mmoja yeye atapatwa na nini. Dozi yetu ilikuwa ile ile. Kwangu alichagua tu sindano ndefu zaidi, ipate kufika kwenye msuli. Akasema mkono kuuma na homa ya siku moja mbili ni kawaida, ikizidi turudi.

Mama aliumwa na mkono hadi asubuhi, kisha akakaa akakuna nazi yake. Aliyeanguka ni mimi. Homa, kichwa, viungo vyote. Siku mbili nililala kitandani kwa Mama, na yeye na wembamba wake akaninywesha uji kwa kijiko. Uliponipigia Ijumaa nilikuwa chini ya mablanketi mawili, na nikakwambia sikuhisi chochote, ila wewe mwembamba ujihadhari. Mama nilimwomba asikwambie, eti nisikutie wasiwasi.

Sasa utauliza, mtu asiyekwenda Hija alichanjwa ya nini? Hapo ndipo penyewe, Mona. Nilichanjwa niwe tayari. Nilijua ukiogopa ukabaki, nafasi itakuwa yangu. Miaka tisa namkanda Mama miguu, nampikia, nampeleka kwa madaktari, na siku ya kuchagua akataja jina lako. Niliumia sana, na sikumwambia mtu. Nikaona njia rahisi ni kukutisha.

Siku ya pili ya homa, Mama akinifuta uso, alisema anajua nimeudhika. Akasema mimi hunikuta kila afunguapo macho, lakini wewe tangu uolewe hajakaa nawe hata wiki moja nzima, na anataka akujue tena kabla hajafa. Nilijifanya nimelala. Niliona aibu ambayo siwezi kukuandikia.

Nenda kachanjwe kesho. Kama kuna dawa au chanjo iliyowahi kukudhuru, mwambie muuguzi mapema. Huenda ukapata homa, huenda usipate, na ukiipata itapita kama yangu. Mama hajui nililokufanyia. Ukitaka kumwambia huko safarini, mwambie, sitakulaumu.

Jana Nasser aliniletea fomu ya msafara, kwamba kwa kuwa umekataa, niandike jina langu. Nilikaa nayo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nimeandika lako.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na wote wanaotuulizia huko uwape salamu zetu.

Ni mimi dadako, ambaye bado anakuonea wivu kidogo,

Duha