Ntirenganya, Munganga wa Ubongo Aliyetoa Wake

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike hapa mjini, kule Keshero, bila ubongo wako, Onésime. Tunaandika hivyo wazi kwa sababu watu wamesema kwa mafumbo mwaka mzima, na wewe hukupenda mafumbo.

Kwenye karatasi za Serikali uliitwa citoyen, yaani raia, Ntirenganya, munganga wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nyumbani ulibaki Onésime, wa mwisho kumaliza sahani kwa sababu daima ulikuwa unaeleza jambo. Ulisoma Kinshasa, ukasoma Ulaya, wenzako wakabaki huko, wewe ukarudi Goma. Ulisema vilima vya Masisi vina watu wengi mno wanaoanguka kifafa, na hakuna aliyewahi kutafuta kwa nini.

Watu hao hufungiwa nyuma ya nyumba na hupewa sahani yao peke yao. Wakiangukia motoni hakuna wa kuwavuta, kwa kuogopa kuambukizwa na povu lao. Wewe ulikula nao sahani moja. Povu ulilifuta kwa kitambaa kile Léoncie, mke wako, alichokupigia pasi. Akakugombeza, na safari iliyofuata akakutia vitambaa viwili mfukoni.

Kila Jumamosi uliwafundisha wauguzi wa zahanati za milimani. Walishuka mjini juu ya malori ya viazi. Hukuwa na ubongo wa mtu wa kuwaonyesha, kwa hiyo asubuhi ulipita buchani kwangu mimi kaka yako, sokoni Birere, kuchukua kichwa cha ng'ombe. Wateja hawakukosa la kusema.

"Habarurema, ndugu yako anakulaka bongo kila samedi?"

"Ndiyo maana yeye ni docteur, na weye uko unauzisha matumbo!" mwingine aliniambia.

Ulicheka nao, ukabeba kichwa chako ndani ya ndoo kama mtu anayetoka kuchota maji.

Lakini ng'ombe hawakuweza kukujibu. Ulihitaji ubongo wa mtu wa milimani aliyekufa na kifafa, ufunguliwe, uangaliwe. Ulikwenda kwenye nyumba za misiba ukaomba kwa heshima. Familia zote zilikataa, na moja ilikufukuza kwa fimbo. Hukuwasema vibaya. "Yaya," uliniambia, maana mimi ndiye mkubwa wako, "hata miye ningekataa."

Kisha ukaanguka wewe. Ulikuwa katikati ya somo, na ndoo yangu mezani. Élisabeth, muuguzi wako wa Rutshuru, alitusimulia: walikulaza ubavu, wakasogeza meza, hawakukutia kijiko mdomoni. Ulipozinduka uliwatazama, ukasema, "Muzuri. Munaweza kwenda nyumbani." Hao ndio wanafunzi wako, Onésime. Walifaulu juu ya mwili wako.

Baada ya hapo kichwa hakikuacha kukuuma. Ukawa huoni upande wa kushoto, ukagonga mlango wa nyumba yako mwenyewe. Uliniita tukae nje.

"Yaya, nikikufa, wafungue kichwa. Weye ndiye utasema ndiyo. Mama atakataa, na Léoncie sitaki kumupa muzigo huu."

"Mbona miye?"

"Si umepasua vichwa vingi?"

"Vya ng'ombe, mupumbavu weye!"

"Basi changu ni rahisi. Hakina pembe."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho.

Siku uliyokufa mama alisimama mlangoni mwa hospitali akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Nilizaa mutoto muzima," aliniambia. "Utanirudishia muzima." Baba mdogo Léopold alisema maneno mengine, na aliyasema kwa sauti ili yafike barabarani: "Muchinjaji ni muchinjaji tu. Leo amefikia ndugu yake."

Nilisema ndiyo. Sikusoma kiasi cha kujua nilichokuwa nakubali, lakini wewe ulijua, na uliniomba mimi. Ningeulizwa leo, ningesema ndiyo tena.

Nusu ya ukoo haikuja kukuzika. Sisi wachache tuliokuja tulivunja yale mawe meusi ya volkano, na kaburi halikuwa na kina cha kutosha, tukaongezea mawe juu.

Miezi ikapita kimya. Halafu Élisabeth akaja buchani, akangoja wateja watoke. Alisema ndani ya ubongo wako walikuta vifuko vidogo vigumu kama punje za mahindi. Ni mnyoo wa nguruwe. Mayai yake hutoka kwa uchafu wa mtu mwenye mnyoo, yakaingia kwenye maji na mikono, na hata asiyegusa nguruwe hupata. Si povu, si pepo, si laana ya ukoo. Alisema sasa wanajua wapi pa kuanza kutafuta kwa wengine. Dawa iko Ulaya, hapa bado haijafika.

Yeye na Damien, mwanafunzi wako mwingine, bado wanafundisha Jumamosi, ingawa malori hayaleti tena wauguzi wengi. Kichwa cha ng'ombe nawapa mimi.

Nilikwenda Masisi kumwambia mama walichokuta. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amenipa mgongo, akiendelea kuchambua maharagwe. Kisha akamwambia mtoto wako aliyekuwa kando yake, "Mwambie huyo mutu chakula kiko tayari, kama anakula."

Hutatutoka moyoni, Onésime. Wanaokukumbuka ni mke wako Léoncie na watoto wenu, dada yako Marie-Louise, wanafunzi wako Élisabeth na Damien, nami kaka yako Habarurema. Mama yetu Nyiransengimana anakukumbuka kuliko sisi sote, lakini amekataa jina lake liandikwe karibu na langu, kwa hiyo tumeliandika hapa, mbali kidogo.

Ulitafuta jibu moja, nalo limepatikana. Limetugharimu wewe, nusu ya ukoo, na mama aliye hai asiyenisemesha.