Kamera Inayovuta Mbali

Kaka Hamisi wa Mpumudde, pokea salamu za Mbale, za mvua na pilau.

Dukani nilitaka kamera inayoona penye mwanga hafifu. Wewe ukang'ang'ania hii inayovuta mbali, ili tupate hata ndege wa ng'ambo ya Nile. Haya, kwenye arusi hapa Nabuyonga ndege hawakualikwa. Wanawake tulikaa ndani, mapazia yameshushwa, umeme umekatika. Picha zote za bibi arusi, binamu yetu Zaituni, zimetoka nyeusi tii. Shangazi aliniuliza kama nilikuwa napiga picha pazia.

Kwa hasira nikalifungua hilo pazia kidogo, nikavuta mpaka kwenye hema la wanaume, upande wa pili wa uwanja. Nikamkuta Baba Mkubwa, yule aliyekufokea ulipovunjika mkono, eti mwanamume halii, anajifuta machozi kwa kuwa bintiye Zaituni anakwenda kwa mumewe. Imetoka safi, hata tone la kidevuni linaonekana.

Nilipomwonyesha alisema, "Mpelekee Hamisi."

Basi nakuja nayo. Mungu akutunze, wewe na macho yako ya mbali.

Dadako Rehema