Mashine ya Vyombo na Mikono ya Mama Yako

Nyumbani, ghorofa ya pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mwanangu Kidoti,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe na mkwe wangu na huyo mjukuu ninayemjua kwa picha tu. Hamjambo nyote? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakibana ukisikia simu yetu? Sisi hatujambo. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, ukishapata chai unanyamaza.

Nina jambo la kukiri. Kila ulipouliza kwenye simu mashine ya kuosha vyombo inaendeleaje, nilikujibu kwamba vyombo vinang'aa. Sikukudanganya, maana kabatini vilikuwa vinang'aa kweli. Sikujua tu ni nani aliyekuwa aking'arisha.

Wiki tatu zilizopita nilifika kibandani nikakuta nimesahau miwani. Fundi saa bila miwani ni mtu aliyekaa tu, basi nikarudi. Naingia ndani, nasikia maji yakimwagika jikoni. Mama yako kasimama kwenye sinki, mikono imezama kwenye beseni hadi viwiko, na pembeni mashine iko wazi, nusu imeshapakuliwa.

"Mama Kidoti, unaosha nini?"

Akashtuka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. "Hivi vya jana."

"Si vimeshaoshwa?"

"Vimelowa, Baba Kidoti. Kulowa siyo kuoshwa." Akanionyesha glasi yenye ukungu mweupe, kijiko chenye yai lililogandia, na bakuli lililotuamisha maji.

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Mtoto kajinyima mwaka mzima ili aniondoe kwenye sinki. Leo nimwambie zawadi yake haifai? Bora niumwe mimi."

Vidole vilikuwa vimevimba mpaka pete ya ndoa imedidimia. Na mimi ninayelala ubavuni kwake sikuwa nimeona! Nilichukua taulo nikamkausha kidole kimoja kimoja.

Sikurudi kazini siku ile. Nilishuka kwa jirani yetu wa chini, yule mpishi wa hospitali tunayemwita Mkuu kwa jinsi anavyopenda kuamrisha. Yeye mashine za namna hii anashinda nazo kazini kila siku. Akapanda nami hata aproni hajavua.

Cha kwanza, alivuta trei ya chini, akazungusha kitu kule sakafuni mwa mashine, kikatoka. Kumbe ni chujio! Mimi sikujua hata kama linatoka. Mwanangu, ile harufu sitaki kuikumbuka. Mbegu za limau, karatasi ya chupa, mafuta yaliyoganda. "Mzee, hayo ndiyo maji unayooshea sahani," akasema, akalisugua kwa mswaki chakavu. Sasa nalisugua kila Jumamosi.

Kisha akautazama mpangilio wangu, nami nilikuwa nikijivuna nao, maana nilikuwa navibananisha vyombo kama njiti kwenye kibiriti. "Hapa umepanga au umeficha?" Akanifundisha kukwangua mabaki, sahani zitazame katikati bila kugusana, bakuli ziinamishwe, na kile kinachozunguka kama feni kurusha maji nikizungushe kwanza kwa mkono, nihakikishe upawa haukizuii. Ukungu wa kwenye glasi ni maji yetu magumu. Kuna chumvi yake maalumu ya kuyalainisha na dawa ya kusuuzia, na vyote viwili havikuwamo tangu siku ya kwanza. Ile taa nyekundu iliyokuwa ikividai nilidhani ni pambo.

Kuhusu kukauka, nilikuwa naiacha imefungwa, mvuke unageuka maji humo humo. Sasa ikimaliza naiacha ipoe kidogo, halafu naufungua mlango kiasi cha upana wa kiganja. Nikipakua naanza na trei ya chini, vikombe vya juu visije vikadondoshea sahani maji. Vya plastiki bado havikauki vizuri. Hivyo nafuta mimi kwa kitambaa.

Usidhani tulifaulu papo hapo. Siku ya kwanza glasi zilitoka na madoa, mama yako akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kelele. Nikaongeza dawa kidogo, nikachagua mzunguko wa maji ya moto zaidi. Siku ya tatu akachukua sahani, akaipitishia kidole. Ikalia kwii! Akaigeuza nyuma na mbele. Akaiweka kabatini.

Halafu akalitoa beseni lake chini ya sinki, akanipa. "Litoboe matundu. Nataka kupandia maua."

Nilienda kulitobolea barazani, Kidoti, ili asinione machozi.

Uvimbe umepungua. Haujaisha, lakini jana alifunga vifungo vya shati langu vyote mwenyewe, wala sikuwa nimemwomba.

Mkuu anakusalimu, na shangazi yako, na kaka yako, ambaye sasa naye anajifunza kupanga vyombo kwa lazima. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mwema na watu wema wa kukuzunguka.

Baba yako akupendaye daima,
Fundi Saa

Nyongeza: Mama yako kaninyang'anya kalamu, ambayo hajaishika tangu mwaka jana. Usicheke mwandiko.

*Mwanangu mashine yako inafanya kazi. Mimi nimekaa. Njoo nikushike.*