Mikanda Myekundu Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Miezi kumi na moja tangu niondoke nyumbani Klaipėda. Wiki tano tangu kiharusi kinidondoshe kwenye meli ya uvuvi ya Torbjørn. Mkono wa kulia bado mzito, naandika kwa kushoto. Leo Ingvild, anayenifanyisha mazoezi hospitalini hapa Ålesund, amenifunga mikanda yenye vipimo, miwili kila mkono – juu ya kiwiko na kwenye kifundo. Inaandika jinsi bega na kiwiko vinavyopokezana kazi. Myekundu mkono mgonjwa, ya kijani mkono mzima, kasema. Siku tatu, nivue nikioga tu. Majibu yakiwa mazuri, daktari ataniruhusu kwenda nyumbani.

Jumanne, 5 Machi
Nimeoga. Nimevaa tena. Viazi na samaki. Nalala.

Jumatano, 6 Machi
Ingvild kapiga simu asubuhi. Njoo sasa hivi, usije peke yako. Torbjørn, ninayekaa kwake, kanipeleka, hata redio hakuwasha.

Vipimo vinamfikia Ingvild kwenye kompyuta yake. Alikuwa amefungua mchoro wa kijani tu. Mkono mzima, tangu jana, kiwiko kinachelewa nyuma ya bega. Labda kiharusi cha pili, kasema taratibu. Nikamwona akilini mke wangu Daiva akinilisha kwa kijiko maisha yote.

Wakanipiga picha ya kichwa. Safi. Hakuna aliyeelewa. Ndipo Ingvild akanikunjia mikono ya sweta.

"Vaidotas, mbona myekundu iko kushoto?"

"Si ndiko inakokaa?"

Melini taa nyekundu ni ya kushoto, ya kijani ya kulia. Miaka kumi na tisa baharini, ndivyo nilivyozoea. Baada ya kuoga sikufikiri hata kidogo.

Torbjørn akacheka mpaka akakaa chini. "Mwenzetu kawasha taa! Ulikuwa unaelekea wapi, mzee?"

Mimi nililia. Mkono mzima ni mzima.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe mchoro ule uliowatisha ndio wa mkono wa kulia. Na Ingvild anafurahi nao – mwezi uliopita kiwiko hakikulifuata bega kabisa, sasa kinafuata kwa kuchelewa. Daiva kwenye simu kanitukana kwa hofu niliyomtia, kisha kauliza nipikiwe nini.

Jumatatu kipimo cha mwisho. Kikombe kutoka mezani hadi rafuni, mara kumi, bila kuupinda mgongo. Leo nimefikisha saba. Nikifaulu, daktari anatia saini.

Sentensi hii naiandika kwa kulia, polepole: nafika Jumamosi tarehe 16.