Tundu la Sikioni

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Goti la mama limepoa, na kila anayekuja kumjulia hali lazima asimuliwe ulivyomwangusha yule tandala kwa risasi moja, mita elfu moja na mia mbili, kabla hajasikia mlio.

Ngozi na kichwa ulivyonitumia nivikaushe vimefika karakana. Risasi yako ya mbali ilimpata pajani. Kidonda kilikuwa kimeoza, kimejaa funza. Mnyama wa watu alichechemea siku kadhaa. Ya pili iliingia sikioni, na manyoya pale yameungua kwa baruti. Ulimsimamia akiwa amelala chini. Njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa urefu wa mkono.

Kufyatua mbali hata usijue umempiga wapi, ndiyo shabaha hiyo? Huo ni woga wenye darubini.

Uliniagiza nizibe matundu yote. La sikio nimeliacha wazi, na kichwa nimekitundika sebuleni, juu ya kiti unachopenda kukalia. Mama ameshaniuliza lile tundu ni la nini. Nimemwambia utamweleza mwenyewe.

Kaka yako,
yule unayemwita Mshona Mizoga