Noti za Ukutani kwa Baba

4 Februari

Baba yako amesema! Kipepeo wangu, amesema neno kwa mdomo wake mwenyewe, mara ya kwanza tangu apooze! Nilimwonyesha noti uliyotuma juzi, akaikodolea macho, akasema, "Daraja." Nilipiga kelele mpaka jirani yetu fundi cherehani akaja mbio, futi ya kupimia shingoni.

Hujambo lakini, mwanangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila magoti yangu yananisumbua.

Noti zako za ukumbusho zimefika saba. Nimezibandika ukutani mbele ya kitanda chake: mnara, kasri, lango, hilo daraja. Najua zimeandikwa sifuri, hazinunui hata kiberiti. Lakini nani mtaani ana mtoto aliyetembea miji saba? Nilimuuliza fundi hivyo hivyo. Akarudi zake kushona! Na ndiye aliyesema utaishia kuosha vyombo vya watu.

Baba yako anazipitia kwa kidole. Anaamini kila noti ni kituo, unakaribia nyumbani. Inayofuata ilete mwenyewe, mwanangu. Daktari hakutupa muda mrefu.

Mama yako

27 Februari

Shikamoo mama. Natumaini magoti yamepata nafuu. Kifua changu bado.

Barua hii usimsomee baba. Mama, sijaona daraja wala mnara. Nipo chumba cha chini kisicho na dirisha, wasichana tisa, tunatia noti hizo kwenye vifuko vya plastiki ziuzwe kwa watalii. Zenye kasoro hutupwa. Ndizo nilizokutumia, kwa mkono wa dereva wa mizigo. Pasipoti anayo tajiri tangu siku niliyofika. Nikiomba kurudi anasema nimuulize wakala aliyenileta.

Nilitaka uwe na la kusema mtaani. Nisamehe.

Mwambie baba niko njiani.

Mwanao, Kipepeo

11 Aprili

Mwanangu, kaa chini kwanza. Baba yako hatunaye. Ametutoka tarehe pili, asubuhi. Sikumsomea. Aliniuliza kwa kidole uko wapi, nikamwambia, "Yuko mlangoni, anavua viatu." Akatabasamu kwa ule upande wake mzima. Uongo huo ni wangu, wewe usiubebe.

Barua yako niliificha chini ya godoro kwa aibu. Ningemwambia nini fundi? Baada ya maziko nikampa aisome. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Dada, wakala huyu ndiye aliyempeleka mpwa wangu."

"Si ulisema ni nesi huko?"

"Na wewe si ulisema wako yuko kwenye makasri?"

Tukalia kama watoto.

Nimezibandua zote. Mnara hauna kichwa, daraja limechapwa mara mbili. Mimi nilidhani ndivyo vilivyojengwa! Nitazimwaga mezani kwa wakala, mbele ya watu. Mpe dereva majina ya wenzako wanane, upesi. Tumepita nyumba kwa nyumba, mimi na fundi, na nimesema ukweli kwenye kila mlango niliowahi kutambia. Kila mwenye mtoto huko anakuja, wote, nje ya ofisi ya wakala, Jumatatu tarehe ishirini na nane, saa mbili asubuhi.

Mama yako